Wale wa Kumwagilia Miti

"Mnyamwezi amekuja na mzigo kichwani!" Samweli Chilongani alipaza sauti huku akizima mashine ya kuranda mbao. "Mama Josepha, toka uone. Hawa watu hata uwapeleke chuo hawaachi upagazi."

Raymundi alitua godoro lake juu ya maranda na kufuta jasho. Alikuwa mwanachuo wa ualimu, mtoto wa wakulima wa tumbaku wa Usinge, na chuo kilikuwa kimempangia shule ya msingi upande wa Kanyenye kwa mazoezi ya kufundisha. Alikuwa ameambiwa kwamba kwa fundi seremala wa Chemchem kuna chumba.

"Na wewe mzee ni kabila gani?"

"Mgogo. Wa Bahi."

"Ndiyo maana nimekukuta umekaa njiani. Babu zenu walikaa hivihivi kwenye visima, kila msafara ukipita wanaudai hongo. Haya, hongo ya chumba ni kiasi gani?"

Samweli alicheka mpaka akaegemea meza ya kazi. "Kodi? Kwa mtani? Chumba ni bure. Utanilipa kwa kutukanwa asubuhi na jioni."

Katika nyumba ile watu wote walizungumza kwa kupaza sauti, hata siku ambazo umeme ulikatika na mashine ikanyamaza. Mashine hiyo ilikuwa uani, hatua chache kutoka jikoni, na kwa miaka mingi walikuwa wameshindana nayo. Mpita njia asiyewajua alidhani wanagombana.

Jioni hiyo walikula ugali kwa mlenda, na Raymundi akaambiwa ale taratibu, kwa sababu mlenda haubebwi begani. Recheli, mke wa Samweli, alicheka. Josepha, mtoto wao wa pekee, alicheka pia, ila baada ya wengine. Alihamisha macho kutoka mdomo wa baba kwenda mdomo wa mgeni, akamtazama mama yake usoni, ndipo akacheka. Raymundi aliliona hilo na akalipenda. Alidhani ni adabu, kwamba mtoto anangoja wakubwa wacheke kwanza.


Josepha alikuwa Darasa la Nne, darasa lilelile alilopewa Raymundi kufundisha hisabati. Lilikuwa na watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja. Mwalimu Dafrosa, mwalimu wa darasa, aliwapanga kwa alama za jaribio la mwezi: wenye akili mbele kwenye madawati, wa kati katikati, na wengine nyuma, wengi wao wakiwa wamekaa sakafuni. Hakuona ubaya. Ndivyo alivyopangwa na yeye alipokuwa mdogo.

Josepha alikaa nyuma, karibu na mlango.

Chuoni, Raymundi alisifiwa kwa sauti yake. Wakufunzi walisema ni tulivu, haifoki, haiwatishi watoto. Alikuwa pia na tabia ya kuzungumza huku akiandika ubaoni, ili asipoteze muda. Watoto wa mbele walimpenda mara moja kwa sababu aliwachekesha. Kila aliyekuwa na kabila lenye utani na Wanyamwezi alipata neno lake, na darasa likaanza kumngoja kwa hamu.

Wiki ya pili alikuwa akifundisha sehemu. Aliandika swali, akaita bila kugeuka: "Josepha, nusu ya robo ni ngapi?"

Chaki iliendelea kugonga ubao.

"Josepha!"

Jirani yake alimgusa begani. Msichana alisimama, akamtazama mwalimu mgongoni, kisha akajibu swali la kabla ya lile.

Raymundi aligeuka. Darasa lilikuwa tayari linamtazama kwa tabasamu, likingoja. "Mgogo wangu!" alisema. "Masikio umeyaacha Dodoma kwa bibi yako?"

Chumba kilipasuka kwa kicheko. Mwalimu Dafrosa mwenyewe, aliyekuwa akisahihisha madaftari kwenye kona, alitabasamu. Raymundi akainua mkono. "Msije mkasema namwonea. Huyu ni mtani wangu, nyumbani kwao ndiko ninakolala."

Wakacheka mara ya pili. Josepha aliwatazama wote, akacheka nao, akakaa. Hakuwa amesikia lililosemwa.

Kufikia mapumziko ya saa nne alikuwa na jina jipya. Aliitwa Dodoma.


Raymundi aliisimulia habari hiyo mezani, kama alivyosimulia nyingine zote. Samweli alicheka, kwa sababu neno la mtani huchekewa, lakini aliporudisha tonge kwenye sahani hakulichukua tena.

"Kwani darasani haitikii?" Recheli aliuliza.

"Anaitikia akitaka. Ana ujeuri kidogo. Unamwita mara ya kwanza, ya pili, anakutazama tu."

"Huku nyumbani hana ujeuri."

"Mama, watoto wana sura ya nyumbani na sura ya shule."

Samweli alinawa. Alikuwa mtu aliyejivunia jambo moja tu, kwamba katika mji wa watu hakuwahi kuitwa popote kwa kosa la mtu wa nyumba yake. Alimwita mtoto jikoni na kumpiga makofi mawili. "Mwalimu akikuita, itika! Unataka niaibike?"

Josepha alisikia kila neno. Baba yake alikuwa ameinama mbele ya uso wake na alisema kwa sauti ya kushindana na mashine.


Mchezo ulianza bila mtu kuutunga. Mtoto mmoja alinyata nyuma ya Josepha uwanjani na kuita "Dodoma" kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Akasogea hatua moja, akaita tena. Wengine wakaja. Siku mbili tatu baadaye mchezo ulikuwa na sheria: anayemkaribia zaidi kabla hajageuka ndiye mshindi, na haruhusiwi mtu yeyote kumwonya. Atakayemshtua amekufa, yaani ametolewa mchezoni.

Walioucheza hawakuwa watoto wabaya. Maua, aliyewahi kugawana naye kalamu, aliucheza pia, na aliuweza kuliko wote kwa sababu alikuwa mwepesi.

Raymundi aliwaona kupitia dirisha la ofisi ya walimu.

"Wanacheza nini wale?" Mwalimu Dafrosa aliuliza.

"Wanamtania mtani wangu," Raymundi alijibu, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. Aliona utani wake umeota mizizi shuleni.

Mwalimu Dafrosa alitazama kwa muda. Msichana alikuwa amesimama peke yake akila kipande cha muhogo, na nyuma yake watoto kama ishirini walikuwa wakisogea bila sauti, wameshikana mashati. Mwalimu Dafrosa hakuupenda mwendo wao. Alitaka kusema neno, lakini kengele ikalia.


Mkufunzi kutoka chuoni alitarajiwa kuja kumkagua Raymundi akifundisha. Jioni ya kuamkia siku hiyo mwalimu mkuu, Mwalimu Batuli, alimwita ofisini.

"Una watoto wengi. Mkufunzi akiuliza swali likaangukia kule nyuma, utaaibika wewe na nitaaibika mimi. Sisi hapa tuna utaratibu. Wale wa nyuma huwa wanakwenda kumwagilia miti."

"Saa ya kipindi, Madam?"

"Miti haijui saa ya kipindi. Kiangazi hiki itakauka."

Mwalimu Batuli hakuwa mkatili. Mwaka uliopita wastani wa shule yake ulishuka, na kwenye kikao cha kata alisimamishwa mbele ya wakuu wenzake, wengine wadogo kwake, akaulizwa mshahara anaupokelea nini. Alisimama mpaka ajenda ilipokwisha. Tangu siku hiyo alikuwa akiwahesabu watoto wa nyuma kama mtu anayehesabu mchwa kwenye nguzo za nyumba yake.

Raymundi alichagua mwenyewe. Asubuhi aliwasimamisha wasioweza kujibu, akawapa ndoo, akawaagiza bombani ng'ambo ya barabara. Josepha alikuwa miongoni mwao. Maua naye alikuwemo, kwa sababu jaribio la mwisho lilimkuta na homa.

Somo lilikwenda vizuri kupita kiasi. Kila swali liliinua mikono, kila jibu lilikuwa sahihi, na chumba kilikuwa na nafasi ya kupita kati ya madawati. Mkufunzi Mathias alikaa nyuma, mahali palipokuwa patupu, akaandika akitikisa kichwa kwa kuridhika. Katikati ya kipindi kelele zilisikika barabarani, kisha sauti ya mwanamke akipiga yowe. Watoto wa mbele waligeuza shingo.

"Tazameni ubaoni," Raymundi alisema kwa sauti yake tulivu. Wakatazama ubaoni.

Barabarani, guta la tofali, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, lilikuwa linarudi nyuma kutoka kwenye kiwanja cha ujenzi. Dereva alipiga honi. Alipiga tena. Josepha alikuwa akivuka na ndoo kichwani, na nyuma yake mchezo ulikuwa umefika mahali pazuri. Maua aliliona guta kabla ya wote. Alifungua mdomo, kisha akauziba kwa kiganja, kwa sababu atakayemshtua amekufa.


Hospitalini, Samweli alifika akiwa na maranda kwenye nywele. Josepha alikuwa kitandani, mkono wa kushoto umefungwa plasta hadi juu ya kiwiko. Recheli alikuwa ameketi pembeni, na Raymundi alisimama mlangoni kama mtu asiyejua kama amekaribishwa.

"Huyu mtoto anasikia?" daktari aliuliza. Alikuwa mwanamke kijana, na hakuwa na muda mwingi.

"Anasikia," Samweli alisema. "Nyumbani anasikia kila kitu."

Daktari alizunguka akasimama nyuma ya kichwa cha mgonjwa. "Josepha, unataka soda?"

Mtoto aliendelea kuchunguza plasta yake.

"Josepha, mama yako ameondoka."

Hakugeuka.

"Sasa mwite wewe, baba. Mwite kama unavyomwita nyumbani."

"JOSEPHA!"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka. Josepha naye aligeuka, akatabasamu.

"Nyumbani mnaongea hivyo?"

"Kuna mashine," Samweli alisema.

Daktari aliwasha kurunzi ndogo, akatazama sikio moja, akatazama la pili. "Usaha huu umeanza lini?"

"Tangu mdogo," Recheli alijibu. "Unatoka, unakauka. Tunamtia mafuta ya moto."

"Msimtie kitu tena. Ngoma zote mbili zimetoboka. Sauti ya kawaida haimfikii vizuri, ya nyuma ndiyo kabisa. Anasoma midomo yenu." Daktari alizima kurunzi. "Amejifundisha mwenyewe. Shuleni anakaa wapi?"

Recheli aligeuza uso kuelekea mlangoni.

"Mwalimu, nimeambiwa unashinda naye na unaishi naye nyumba moja. Hukujua?"

Raymundi alikumbuka neno alilolitumia mezani, ujeuri. Alitazama sakafu.

Jioni Maua aliletwa na mama yake pamoja na chupa ya uji. Mama alimsukuma mbele, naye akasema yote huku akilia, mchezo, sheria zake, na kiganja mdomoni. Samweli alisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo jina la Dodoma alimpa nani?"

"Mwalimu," Maua alisema. "Alisema ni utani."


Raymundi alirudi nyumbani akiwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amekulia katikati ya utani. Alishawahi kuona watani wakilala kaburini kuzuia maiti isizikwe mpaka wapewe kitu, na wafiwa wakacheka na macho yao mekundu. Alijua Mgogo aliyeumizwa angeweza kumwambia maneno ya kumfanya ashindwe kulala, na aliyataka.

Samweli alisimama alipomwona. "Karibu, mwalimu."

Chakula chake kilikuwa mezani, kimefunikwa kwa kawa, kwenye sahani ya kaure iliyokaa kabatini tangu harusi ya wenyeji. Maji ya kunawa yalikuwa tayari, na sabuni mpya. Wenyewe walikula jikoni.

"Mgogo," Raymundi alijaribu kesho yake, "leo huombi chumvi?"

"Chumvi ipo, mwalimu. Ahsante."

Siku ya tatu ilikuwa hivyohivyo. Asubuhi walimwuliza kama amelala salama. Alipotoka walimtakia kazi njema. Samweli aliacha kupaza sauti akizungumza naye. Alitumia sauti ndogo, ya wastani, ile ambayo mtoto wake hakuweza kuisikia. Raymundi alianza kupita uani akiwa ameinamisha kichwa. Chumba kilikuwa bado ni bure, na hakuna aliyemwambia aondoke. Ni kwamba alikuwa amegeuzwa mgeni, na mgeni hukaa akijua kwamba wenye nyumba wanamngoja aondoke.

Shuleni, Mwalimu Batuli aliandika kwamba ajali ilitokea barabarani. Aliposikia kwamba baba anataka kumpeleka Josepha Bahi kwa bibi yake akachunge mbuzi, hakuficha nafuu yake. "Uhamisho nitauandika hata leo. Upimaji wa darasa la nne uko mlangoni. Huko atapata hewa."

"Huko hakuna shule karibu, Madam."

"Mwalimu Raymundi, wewe utaondoka mwezi ujao na alama zako nzuri. Mimi nitabaki na wastani."


Alimkuta Samweli akipiga randa ubao wa kitanda.

"Mzee, naomba tuzungumze."

"Zungumza, mwalimu."

"Nimekosa."

"Hapana. Ulikuwa unatania." Samweli alipuliza maranda. "Na mimi nilicheka. Ulinisimulia pale mezani, nikacheka, halafu nikampiga mtoto kwa neno lako."

"Basi nitukane."

"Nikutukane kwa nini? Mimi mtu mzima, wewe mtu mzima. Tulitukanana hapa sawa kwa sawa, ukirusha narusha. Yeye angekurushia nini mbele ya wenzake, na wewe una fimbo?"

Raymundi aliinama akaokota kipande cha mbao kilichoanguka.

"Tangu nianze kuishi mji huu," Samweli alisema, "Wanyamwezi wameniita mla vumbi, ombaomba, sijui nini. Sijaumia hata siku moja. Sikujua inaumaje." Akaiwasha mashine, na mazungumzo yakaishia hapo.

Recheli alikuwa amesikia kutoka jikoni. Alimfuata Raymundi mpaka mlangoni kwake, bila kumkaribia sana.

"Nguo zake ziko ndani ya begi. Baba yake anataka twende wiki hii. Mimi nimemwambia anipe mpaka Jumatano." Alisema kwa sauti ndogo kama mumewe. "Mpeleke darasani, mkono ukiwa hivyohivyo. Jumatano nitakuja nisimame nje ya dirisha na begi lake. Nikimwona amekaa pale kama kifurushi, tunatoka hapo tunakwenda stendi."

"Jumatano mkufunzi anakuja tena kunikagua."

"Hayo ni yako, mwalimu."


Alianza na viti. Aliwapangua wote, akasema safu zitabadilishana kila wiki, walio sakafuni waje kwenye madawati na wa madawati waende sakafuni. Josepha alimweka mbele, upande wa dirisha, mahali ambapo mwanga ungemwangukia mwalimu usoni.

"Umeharibu kazi yangu," Mwalimu Dafrosa alimwambia. "Anayeweza unamkalisha vumbini?"

"Kwa wiki moja, mwalimu. Wenzake wamekaa mwaka mzima."

Baba wa mtoto mmoja wa mbele, mwenye duka Kanyenye, alikuja kuuliza mwanawe amefanya kosa gani. Raymundi alimjibu kwa heshima, na hakumrudisha mtoto kwenye dawati. Alijifunza kufunga mdomo anapoandika na kufungua anapogeuka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani. Kila mara alijikuta ameshauambia ubao nusu ya sentensi. Alipaza sauti, na kufikia Jumatatu mchana ilikuwa imekwaruza.

Siku hiyohiyo mtu alinong'ona "Dodoma". Mkono wa Raymundi ulikwenda kwenye fimbo, ukaishia njiani. Angemchapa mtoto kwa kusema nini?

"Jina hilo nililileta mimi," aliwaambia. "Ninaliondoa."

Hakukuwa na dalili kwamba limeondoka. Kunong'ona kulihamia upande mwingine wa chumba, kukangoja.

Na Josepha hakusema neno. Siku zote hizo alikaa wima, mkono kifuani, akiutazama mdomo wa mwalimu kama mtu anavyoutazama mlango anamotokea mbwa mkali.

Jumanne jioni Mwalimu Batuli alimwita. "Ndoo ziko stoo," alisema.

"Nitafundisha wote, Madam."

"Haya," Mwalimu Batuli alisema. "Lakini usije ukasema hukuambiwa."


Mkufunzi Mathias hakupata pa kukaa. Watoto walibanana wakamwachia ncha ya benchi, na magoti yake yakagusana na ya msichana aliyekuwa akikohoa. Nje ya dirisha Recheli alikuwa amesimama juani, kanga kichwani, begi dogo la bluu mkononi.

Somo lilikwenda polepole. Raymundi alieleza, akarudia, akaandika, akageuka, akaeleza tena. Mikono iliyoinuka ilikuwa ileile ya siku zote, ila sasa ilitoka kila pembe, na majibu mabaya yalikuwa mengi kuliko mazuri. Mkufunzi alitazama saa.

"Josepha," Raymundi alisema akiwa amemkabili. "Robo ya nusu ni ngapi?"

Msichana alimtazama. Sauti ya mwalimu ilikuwa imekauka, na neno la katikati lilipotea. Hakusimama.

Recheli alihamisha begi kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

Nyuma kabisa mtu alinong'ona jina lile. Josepha hakusikia, lakini aliona uso wa mwalimu ukibadilika, akajua limesemwa. Alijua lilivyosemwa, na upande lilikotokea. Alishika ukingo wa dawati kwa mkono mzima, akasimama, na kwa sauti ya nyumbani kwao, sauti ya kushindana na mashine, akasema:

"SIJASIKIA! RUDIA!"

Mkufunzi alishtuka. Katika shule ile mwanafunzi hakumwambia mwalimu rudia. Alinyamaza akapokea lake. Watoto wachache walianza kucheka, wakamtazama Raymundi waone kama atacheka.

Hakucheka. Alisogea mpaka mbele ya dawati. "Robo ya nusu," alisema taratibu, "ni ngapi?"

"Moja ya sita!"

"Si sahihi. Jaribu tena. Gawa nusu mara nne."

Alifikiri huku midomo yake ikicheza. Ndipo kutoka sakafuni, karibu na mlango, sauti ya mvulana ilisema kwa woga, "Mwalimu, na mimi sijasikia."

"Na mimi," mwingine alisema.

"Mimi sijasikia tangu mwanzo."

Mikono ilianza kuinuka kule nyuma, si yote kwa pamoja, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaojitokeza kutoka mahali walipojificha. Raymundi aliitazama. Hakukuwa na yowe wala kicheko, na chumba kikazidi kuwa kimya kadiri mikono ilivyoongezeka. Akaenda nyuma, akasimama katikati yao, akaanza upya. Kengele ilipolia somo lilikuwa halijafika nusu.

"Siku ile ulikuwa mwalimu mzuri," Mkufunzi Mathias alimwambia nje, akikunja karatasi zake. "Leo hukumaliza andalio la somo, darasa limekutawala, mtoto anakupigia kelele. Nini kimetokea?"

"Siku ile walikuwa wanamwagilia miti, mkufunzi."

"Nani?"

Mwalimu Batuli alikuwa amesimama karibu, akisikiliza. Raymundi alimwona, na alieleza hata hivyo. Mkufunzi hakubadilisha alama; alama zilikuwa za somo aliloliona. Ila alimgeukia mwalimu mkuu na kumwomba amwonyeshe miti hiyo, na Mwalimu Batuli akatangulia mbele, amenyooka, kama alivyosimama siku ile kwenye kikao cha kata.

Dirishani hakukuwa na mtu. Recheli alikuwa amerudi nyumbani na begi, na Josepha alikuwa bado kwenye dawati.


Jioni chakula cha Raymundi kilikuwa mezani chumbani kwake, kimefunikwa kwa kawa. "Karibu, mwalimu," Samweli alikuwa amesema uani, kwa sauti ileile ndogo, bila kumtazama. Recheli alizitoa nguo moja moja kwenye begi na kuzianika upya kwenye kamba, ingawa zilikuwa safi. Kuhusu Bahi hakuna aliyesema neno.

Raymundi alinawa. Kabla hajagusa tonge, alisikia mashine ikizimwa.

"EHE!" Samweli alikuwa akimwuliza mtoto wake. "NANI MWINGINE HAKUSIKIA?"

Josepha alijibu kwa sauti ambayo ukuta haukuweza kuizuia. Alikuwa amekaa nao kule nyuma tangu Januari, na kwa kuwa hakuweza kuwasikia alikuwa amewatazama. Alimtaja Sabiri. Alimtaja Eustadia, ambaye haoni ubao hata akisogea. Alimtaja Twalibu, anayelala kwa sababu anaamka kuchota maji kabla ya adhana, na Yasmini, na mvulana anayeitwa Kulwa ambaye ndugu yake alikufa, na msichana anayevaa kaptula ya kaka yake. Aliendelea. Baba yake alirudia kila jina kwa sauti, kama anayelipigilia msumari.

Ng'ambo ya ukuta Raymundi aliyasikiliza yote. Alikuwa amewafundisha tangu muhula ulipoanza. Kwa Sabiri aliona sura akilini. Kwa Eustadia aliona kitambaa cha kichwa. Baada ya hapo yalipita majina, moja baada ya jingine, na hakuona mtu.